Kalamu Nyekundu na Uchaguzi wa Kisima

Jumatatu, 3 Machi
Ratiba ya maji imebandikwa kisimani. Sisi tena Jumapili saa nne asubuhi! Saa nne Mitaboni nzima iko kanisani, na mke wangu Nzisa yuko kisimani peke yake na mkokoteni wa mitungi. Miaka mitatu sasa. Anayepanga zamu ni katibu wa kamati, Mutanu, mshonaji wa sare. Jumamosi kuna uchaguzi. Nagombea kiti chake, na nitashinda.
Silaha nimeipata papo hapo. Ameandika kwamba "principle pump" imeharibika. Principle ni kanuni! Pampu kuu ni principal. Mtu wa pampu ya kanuni atatupangia maji mpaka lini?

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua kliniki ya Kiingereza kando ya posho mill, kinu cha kusagia unga. Huduma ni bure, malipo ni kura. Wa kwanza alikuwa Kibe wa duka la vitabu, ambaye ubao wake unasema "Stationary". Nikamweleza kwamba hicho ni kitu kilichosimama tuli. Karatasi na kalamu ni stationery. Akasema basi asiufute, maana biashara yenyewe haisogei. Nikamfutia. Nikanunua kwake kalamu nyekundu.

Jumatano, 5 Machi
Wateja ishirini na mmoja! Kaluki anaomba kazi hotelini na ameandika kwamba ni hodari wa kupika desert. Nikamwambia hilo ni jangwa, kitamutamu kina s mbili. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kura yake ninayo.
Mutanu alipita, akaitazama kalamu yangu, akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Ijumaa, 7 Machi
Mwenyekiti, Mzee Mulwa, alikuja kueleza sheria za kupiga kura. Alieleza kwa urefu. Sikusikia zote, kwa sababu nilikuwa nimeshika ajenda yake na ilikuwa na makosa manne.

Jumamosi, 8 Machi
Karatasi za kura alichapisha nani? Mutanu! Chini ya majina yetu: "Do not loose this paper." Loose ni kulegea! Kupoteza ni lose, o moja tu. Ati tusilegeze karatasi! Ningewezaje kunyamaza? Mzee Mulwa akiwa ndani analinda sanduku, mimi nilisimama kwenye foleni nikiwasahihishia watu wangu mmoja mmoja. Nilianza na yangu. Nzisa alificha yake ndani ya leso.
Matokeo: Mutanu kumi na moja. Mimi moja. Zilizoharibika thelathini na nne.
Mzee Mulwa aliinua karatasi moja yenye wino mwekundu. Alisema alituambia Ijumaa: tiki moja, na alama nyingine yoyote inaharibu kura. Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Ile kura moja ni ya Nzisa. Hata yangu niliiharibu mwenyewe!

Jumapili, 9 Machi
Saa nne nilisukuma mkokoteni mwenyewe, kwaya ikisikika kwa mbali. Nimeona aibu kweli. Miaka mitatu mke wangu amesikiliza nyimbo hizo kutoka kisimani.
Baada ya ibada Mzee Mulwa akapita nyumbani. Kwa kuwa kura nyingi ziliharibika, uchaguzi utarudiwa Jumamosi. Nilimkumbatia! Nzisa akasema kwa upole kwamba safari hii kalamu nyekundu ibaki nyumbani. Nimemwapia kwa Biblia yake mwenyewe, na kiapo nitakitimiza.
Jioni nimepita kwa Kibe. Nimenunua ya kijani.