Twaiba Analala Wapi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Sikulala. Binti yangu Twaiba ameshikilia safari yake. Miezi sita, peke yake: Diani, kisha Tanga, mpaka Kilwa. Nauli ni ya kusuka watalii nywele, kwa hivyo anataka malazi rahisi. Nikamwambia Tanga yuko binamu yangu Hadiya, atalala bure. Akasema kwa jamaa hakuna bure, utaosha vyombo vya watu kumi na kila mmoja atakuuliza utaolewa lini. Mimi mwenyewe ningemuuliza.

Amechagua bweni huko Diani, wiki moja, ajizoeze. Chumba kimoja, vitanda vinane vya ghorofa, watu hawajuani. Jirani yangu Mwanapili alipopata habari akaja na kashata, akakaa kitako, akasema polepole kwamba binti yake kule Doha ana chumba chake na kufuli lake. Nimezila kashata zote, asirudi nazo.

Jumanne, 5 Agosti

Ameondoka. Tumekubaliana: kila akihama atanitumia jina la mahali anapolala, nami sitamfuata. Nimeapa.

Nimeshinda kutwa nikifagia ua uliokwisha fagiwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemfuata. Mara moja tu, nione godoro.

Nikajifunika nikabu, nikachukua kitanda chumba cha pili. Msimamizi, dada mmoja aitwaye Kavumbi, akataka jina. Nikasema Mwanapili. Akauliza kama nasafiri peke yangu. Nikasema ndiyo, na ni kweli. Akanipa namba saba, cha juu. Kwa dera! Nilikwama katikati ya ngazi mpaka msichana wa Kijerumani akanisukuma kwa bega.

Ila juu kuna dirisha. Nikamwona Twaiba uani, peke yake, anakula mkate mkavu. Hakuna aliyemsemesha. Mkate mkavu, jamani, na mamake yuko hatua ishirini.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimeingia jikoni kwao. Friji limejaa, na kila mfuko una jina la mtu. Nikafurahi. Kumbe ni kama harusini kwetu: kila mtu huleta fungu lake limeandikwa jina, mpishi akapika pamoja. Hawa wamechanga vizuri, wamekosa mpishi tu.

Nikapika. Mchele wa Mjerumani, kuku wa bwana mmoja wa Nakuru, vitunguu vya watu sita. Pilau sinia nne. Nikawaita, nikasoma majina yote kwa sauti na kumshukuru kila mmoja, kama inavyopasa. Bwana wa Nakuru akauliza kuku wake yuko wapi. Nikamwambia yuko kila sinia, Mungu amzidishie.

Kavumbi akanieleza kwamba majina yale ni ya watu kutogusiana chakula. Sijapata kusikia jambo kama hilo. Lakini njaa haina ugomvi. Wakakaa chini, wakala, Mjerumani akaomba ukoko.

Ndipo Twaiba akaingia. Alijua pilau ya nani kabla hajaniona. Akanipa shikamoo kwanza, hata kwa hasira, mtoto nimemlea. Kisha akanivuta uani, akasema nikimfuata tena hatanitumia jina la mahali popote. Nitakuwa sijui analala wapi.

Nikaapa upya, mara tatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Kavumbi ameniambia kwa adabu kwamba namba saba kina mtu. Kisha akauliza bizari natia vijiko vingapi. Nimenunua kuku mwingine, nimemwandika jina la bwana wa Nakuru kwa herufi kubwa.

Langoni Twaiba akanikumbatia. Akasema siku mbili zile hakusemeshwa na mtu, jana alikuwa ameshafunga mkoba arudi nyumbani. Kisha kwenye sinia amepata marafiki. Jumapili wanampeleka Shimoni. Sasa anaendelea na safari.

Alikuwa amefunga mkoba. Ningekaa kwangu nikafagia ua siku moja zaidi, angerudi mwenyewe. Nimemsindikiza Kilwa kwa pilau yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Mwanapili amekuja bila kashata. Mpwa wake Diani amemwambia kwamba yeye, Mwanapili, amefukuzwa kwenye bweni kwa kupika kuku wa mtu. Nikamwambia watu wana maneno, asiwasikilize. Nikamtilia chai.

Magharibi Twaiba ametuma ujumbe, ametimiza ahadi. Tanga amechagua nyumba ya wageni, chumba cha mtu mmoja, kina feni, na jiko la kuchangia. Anafika Jumatano. Jina la mahali amelitaja. Nililibusu kwenye simu.

Nami kiapo ni kiapo, sitamfuata. Nitatangulia. Kesho asubuhi nashughulikia kibali cha mpaka wa Lungalunga, Jumanne niko Tanga. Hadiya nimeshampigia aniazime sufuria kubwa. Ile ya Diani haikutosha.