Pikipiki ya Baba na Chuma cha Ubavuni

Leo nimeumbuliwa na chuma. Mji huu wa Kolwezi umejaa mashimo. Kule Kasulo watu walichimba madini hata chini ya vitanda vyao. Lakini leo asubuhi nilipohitaji shimo moja tu la kunimeza, ardhi yote ilikuwa imefungwa kama duka siku ya maziko.

Ngoja nieleze mwenyewe, kabla watu wa pale ofisini hawajawaeleza kwa namna yao.

Baba yangu, Tata Kabeya, ana mguu usiokunjika. Goti lake lilisagwa mgodini mimi sijazaliwa, likapona vibaya, likawa gogo. Chini ya goti kuna kidonda. Kinafunga, kinafunguka, kama mlango wa nyumba isiyo na mwenyewe. Kila wiki lazima kisafishwe hospitali mjini, nasi tunakaa Musonoi. Teksi hazimtaki, kwa sababu mguu wake unakula nafasi ya watu wawili. Pikipiki za kawaida nazo haziwezi: mguu unaburuta barabarani.

Kwa hiyo tukabadilisha pikipiki yake mwenyewe. Fundi wetu wa kuchomelea aliikata shasi, yaani fremu yake, katikati, akairefusha kwa vyuma viwili vipana, kimoja kila ubavu, kisha akaweka kiti cha chini chenye mgongo na kibao cha kulazia mguu. Kwa urefu wake, ikipita watoto wanapiga kelele: "Treni ya Tenke! Treni ya Tenke!" Baba anawapungia mkono kama waziri.

Tatizo ni plaki, yaani namba ya usajili. Pikipiki iliyobadilishwa shasi lazima ikaguliwe na kuandikishwa upya, la sivyo mbele ya sheria ni rundo la vyuma linalotembea. Mwezi uliopita polisi walituzuia njiani. Baba alishinda juani, amekaa juu ya jiwe, kidonda kikavimba hadi bendeji ikakatika. Daktari akasema waziwazi: tukikosa tena kukisafisha, atakata mguu. Polisi nao wakasema waziwazi: tukikamatwa tena bila karatasi, pikipiki haitatoka. Na siku ya kusafisha kidonda ndiyo leo.

Yaani ilikuwa karatasi au mguu.

Tumefika ofisi ya kuandikisha pikipiki mapema, kabla polisi hawajaingia barabarani. Baba amevaa koti lake la kanisani, maana karatasi za pikipiki ni za jina lake na mwenye mali lazima awepo. Uani kulikuwa na vijana wengi wa taksi-moto (moto kwetu ni pikipiki) wakisubiri zamu, na mama mmoja anayeuza mikate. Mkaguzi, ambaye kila mtu anamwita Shefu, akatoka na futi yake ya kupimia. Akaizunguka pikipiki yetu. Kisha akauliza:

"Hii ni pikipiki ao ni ngazi?"

Ua mzima ukacheka. Nikacheka nami. (Nilidhani hiyo ndiyo ingekuwa aibu ya leo. Masikini mimi.)

Akapima urefu. Akajaribu breki. Akawasha taa. Akasoma namba iliyo kwenye shingo ya pikipiki, akailinganisha na karatasi, ikakubaliana herufi kwa herufi. Moyo wangu ukaanza kuimba. Nikamwona baba tayari yuko kitandani hospitali, bendeji mpya, nyeupe kama maziwa.

Ndipo Shefu akagonga kile chuma cha ubavuni kwa kidole. Kikalia vizuri. Kikalia vizuri mno.

"Hii chuma ilitoka wapi?"

"Kwa fundi, Shefu."

"Na fundi aliitosha wapi?"

Hapa kwetu kuulizwa chuma kilitolewa wapi si swali dogo. Chuma kinene, kizuri, kisicho na kutu, mara nyingi kimeruka ukuta wa kampuni fulani kikisaidiwa na watu wawili. Na makampuni hupiga chapa zao kwenye vyuma. Shefu akaomba msasa ili atoe rangi aone kama kuna chapa.

Na hapo ndipo nilipojichimbia. Nilijitokeza mbele ya watu wote, kifua nje:

"Shefu, leta nisugue mi mwenyewe! Shiye hatuna kitu ya kuficha!"

(Tafadhali mlishike neno hilo. Mimi mwenyewe natamani kulisahau.)

Nikasugua. Rangi nyeusi ikatoka. Chini yake kulikuwa na mastiki, ule unga mgumu wa kuzibia matundu, nao ukaanza kudondoka vipande vipande. Ikatokea herufi iliyochongwa kwa patasi. H.

"Aaah!" Shefu akainama, akiona chapa yake ndiyo hiyo. "Njo ile. Endelea, kijana."

A. Kisha P. Kisha A tena. Shefu akawaita wenzake wawili kutoka ndani waje kushuhudia wizi.

"H, A, P, A," akasoma. "Hii ni kampuni gani?"

Kijana mmoja wa taksi-moto, mwenye kofia nyekundu, akajibu kwa uhakika kabisa: "Ni mupya, Shefu. Iko kule juu, njia ya Fungurume. Banalipa muzuri."

Nikasugua tena. ANALALA.

"Hapa analala," akasoma Shefu, polepole.

Mama wa mikate akafanya ishara ya msalaba. Nami nikaelewa. Jamani, nilielewa vyote kwa mara moja, na mkono wangu ukakataa kusugua.

Niwaeleze ninyi sasa, kwa sababu pale sikuweza. Msimu wa mvua uliopita sumu ya kidonda ilipanda, baba akalala bila kujitambua, na daktari akatuambia tujitayarishe. Dada yetu mkubwa, Yaya Odia, ni mtu wa kuwahi. Kanisani anafika kabla ya pasta. Akaenda kwa fundi kuagiza msalaba wa chuma, maana ule wa mti unaliwa na mchwa, na ukiponea mchwa kuna wachoma makaa. Fundi wetu huyo ndiye anayewatengenezea misalaba nusu ya wafu wa Musonoi. Kazi ya kutunga maneno nikapewa mimi, kwa kuwa nyumbani ndimi ninayeandika riwaya. Fundi akayachonga. Msalaba ukawa tayari. Na siku hiyohiyo baba akafungua macho, akaomba ugali wetu wa bukari na samaki.

Yaya Odia alikimbia peku hadi kwa fundi. "Ficha ile kitu! Tata asiione hata siku moja!"

Na fundi alikificha, ndugu zangu. Alikikata vipande viwili, akakificha chini ya makalio ya baba.

"Endelea," akasema Shefu.

"Mukono umechoka, Shefu."

"Si ulisema hamuna kitu ya kuficha?"

Akanipokonya msasa. Akasugua kwa nguvu za serikali. Herufi zikatoka moja moja, na wale vijana wakazisoma kwa pamoja kama darasa la kwanza: TATA. KABEYA. PLACIDE.

Shefu akatazama karatasi. Akatazama chuma. Akatazama karatasi tena.

"Kabeya Placide ni nani?"

Baba alikuwa bado ameketi juu ya pikipiki, mguu umelala kwenye kibao chake. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Njo mi."

"Mawee!" akapiga kelele mama wa mikate. "Banatembeza mufu!"

"Si mufu, mama," akasema yule wa kofia nyekundu. "Ni Lazaro. Na Lazaro ya leo haitembee kwa miguu, iko na moto yake!"

Watu walicheka hadi wengine wakashika vichwa. Baba hakucheka. Aliinama pembeni, taratibu, akaweka kidole juu ya jina lake, akalifuata herufi kwa herufi. Kisha akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo. Ni macho ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta wenzake wameshagawana nguo zake.

Ningalitamani Shefu aishie hapo. Lakini Shefu ni mtu wa kazi kamili. Kuna chuma cha upande wa pili. Nami nilijua ni nini kimeandikwa upande wa pili, kwa hiyo nilikiegemea. Nikajifanya naona kizunguzungu.

"Toka hapo."

"Shefu, huku hakuna kitu, ni chuma tu..."

"Toka."

Akasugua. Akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza hukumu:

"MGUU WAKE ULITANGULIA, NAYE AKAUFUATA."

Hata injini moja iliyokuwa ikinguruma mlangoni ikazimwa.

(Mbele yenu nitasema kweli: nilijivunia sana sentensi hiyo. Nilimsomea Yaya Odia, akaangua kilio. Nilidhani analizwa na uzuri wake.)

"Nani aliandika hii?" akauliza Shefu.

Nikachukua simu, nikampigia fundi, nikaweka sauti juu ili Shefu asikie kwamba chuma hakikuibiwa. (Wazo langu pia. Leo mawazo yote yalikuwa yangu.)

"Tata, ile chuma ya pikipiki yetu..."

"Iko na nini?" sauti ya fundi ikajaa uani. "Chuma ni yenu! Yaya Odia alisema niifiche. Mbona, kuna mutu aliiona?"

"Eeeeeh!" ua mzima ukaitika.

Shefu akafunga karatasi zetu. Nikaona midomo yake inasema maneno niliyoyaogopa tangu nyumbani. Karatasi zinasema Kabeya Placide ndiye mwenye pikipiki. Shasi inasema Kabeya Placide analala hapa. Mfu haandikishi pikipiki. Twende kwanza kortini, tulete karatasi ya hakimu inayosema huyu mzee yuko hai.

"Shefu, humuone? Eko mbele yako!"

"Mi namuona. Lakini dosié," akagonga zile karatasi, "haina macho."

Kortini ni wiki nyingi. Barabarani kuna polisi. Na chini ya suruali ya baba bendeji ilikuwa imeshaanza kulowa. Niliona doa linatanuka kwenye kitambaa. Nikaanza kuomba. Niliomba vibaya, kwa sauti nyembamba, machozi yakinitoka mbele ya wale vijana wote. Niliita "Shefu" na "tata" na "papa" katika sentensi moja.

Ndipo baba akazungumza. Hakuinuka.

"Shefu. Tangu mwanzo uliogopa hii chuma ni ya kuiba?"

"Ndiyo, tata."

"Jina yenye iko juu yake ni ya nani?"

Shefu akachungulia chuma, ingawa alikuwa amekisoma mara tatu. "Ni... ya kwako."

"Basi niliiba kwa nani?"

Yule wa kofia nyekundu akapiga makofi mara moja, akaacha, akaona haya. Shefu akajikuna kidevu. Kisha akafungua tena karatasi, akatoa kalamu, akaanza kuandika. Aliandika sana. Mahali pa alama za shasi, baada ya namba, akaandika kwamba ubavu wa kushoto umechongwa "Hapa analala Tata Kabeya Placide", na ubavu wa kulia ule mguu wangu uliotangulia, wote mzima, na koma yake. Akagonga muhuri.

Nilimshukuru. Nikasema nikifika nyumbani nitaziba yale maneno kwa mastiki na rangi.

"Utaziba nini?" akanikazia macho. "Ile ni alama ya shasi sasa. Kuifuta ao kuificha ni kosa. Polisi bakisoma karatasi, bakaangalia chuma, bakakuta haifanane, munalala ndani."

Kwa hiyo sasa iko kisheria. Kila polisi wa Kolwezi ana haki, tena wajibu, wa kuinama na kusoma maneno ya kaburini niliyoyatunga, huku baba yangu akisubiri juu yake. Polisi wa mlangoni pa ofisi alianza palepale. Alisoma ubavu wa kushoto, akavua kofia. Akamwona baba, akaivaa.

Hospitali tumewahi. Kidonda kimesafishwa. Mguu bado uko, na daktari amesema ukisafishwa hivi kila wiki utabaki. Kwa hilo namshukuru Mungu, hata kama leo sina sura ya kumwonyesha.

Tukaanza kurudi nyumbani. Tulipoingia njia ya Musonoi, vumbi la malori likitufunika, nikasikia nyuma yangu baba akiniita:

"Kalala."

"Tata."

"Uliandika muguu."

"Ndiyo, tata. Unisamehe. Daktari alisema..."

"Najua daktari alisema nini. Mi nasema, uliandika muguu tu. Mi mwenyewe, ulikosa neno?"

Nimeandika kurasa mamia juu ya watu ambao hawajawahi kuishi. Nimetafuta neno moja la baba hadi mlangoni kwetu. 

Basi nawaomba. Najua mtacheka, nami siwezi kuwazuia. Ila mkituona barabarani, sisi na treni yetu yenye plaki mpya, msiiname kusoma. Msalimieni baba kwanza.