Punda wa Miguu Mitano

Itangazwe kwa wakazi wote wa Amu, Matondoni na Pate, walio macho na waliolala: kitabu kilichopigwa muhuri wa ofisi hakikosei. Anayekosea ni punda.

Tangazo alilisoma Bwana Badawi, Mratibu wa Ulinganifu wa Vitabu na Hali Halisi, kwa sauti ya mtu anayetangaza kuandama kwa mwezi. Jambo lenyewe halikuwa dogo. Katika kitabu cha mazoezi ya mtihani wa gredi ya tatu, swali la kumi na nne liliuliza punda ana miguu mingapi, na mpiga chapa, Mungu amsamehe, akaweka majibu manne: mitatu, mitano, sita, minane. Ukurasa wa majibu ulisema mitano.

Bwana Badawi mzaliwa wa Amu. Punda alimpiga teke utotoni na kovu angali nalo. Lakini vitabu vilikuwa vimeshanunuliwa kwa saini yake, na kukiri kosa ni kazi ya watu wasio na cheo. Akaunda kamati. Kamati ikakaa ghorofani, ikanywa kahawa kwa halwa. Punda akapita chini akilia. Wakafunga dirisha wapate kumjadili vizuri.

"Tukisema kitabu kimekosea," alisema msaidizi wake, Bwana Rufus, kijana wa bara, "tutaulizwa ni nani alikisoma."

"Nani alikisoma?"

"Hakuna, Bwana."

"Basi hakuna aliyeona kosa. Andika."

Waraka ukatoka na kubandikwa gatini. Punda anayetambuliwa na ofisi ni wa miguu mitano. Wenye upungufu ni wanyama wa muda, wala mali ya serikali isipakiwe juu yao. Mtoto atakayejibu kinyume atarudia darasa.

Watoto wakaandika mitano, wakaenda zao kuogelea. Razan peke yake akayaacha majibu yote ya kitabu, akaandika pembeni kwa mkono wake: minne.

Mamake, Bi Mardhiya, akafika ofisini. Akaonyeshwa kiti, hakukaa.

"Bwana Badawi, mwanangu arudie darasa kwa kuwa ana macho?"

"Si macho, Bi. Ni ulinganifu. Aandike mitano, yaishe."

"Nimemfunza asishuhudie uongo, hata juu ya mnyama. Wewe marehemu mamako alikufunza nini?"

"Mtihani si msikiti, Bi Mardhiya."

"Haya. Mungu naye ana ukurasa wake wa majibu."

Akatoka. Bwana Badawi akacheka, na Rufus akacheka kwa kuwa mkubwa amecheka.

Ikaja Ijumaa. Mkurugenzi, mtu wa bara, alipanga sherehe ya kugawa nakala mpya za kitabu kile kile adhuhuri hiyo hiyo, maana ndipo alipokuwa na nafasi. Sanduku la vitabu likateremshwa gatini. Mahamali walikuwa wameshakwenda kuoga wawahi msikitini. Alibaki Dawud na punda wake wawili.

"Dawud! Pakia upesi!" akaamrisha Bwana Badawi.

Dawud akainama, akawahesabu punda wake miguu, mmoja mmoja, kwa kidole. Akainuka kwa masikitiko. "Sina punda, Bwana. Nina wanyama wa muda."

"Yeo si siku ya mzaha!"

"Mzaha na serikali? Haki ya Mungu siwezi. Waraka ule pale."

Simu ikalia. "Niko skuli," alisema Mkurugenzi. "Vitabu viko wapi?"

Basi Mratibu na msaidizi wake wakajitwika. Badawi mbele, Rufus nyuma, sanduku limewafunika hadi mabegani, na Bwana Badawi akijikongojea kwa bakora yake asianguke. Vichochoro vya Amu ni vyembamba, Dawud akawafuata na wanyama wake wa muda, akiwaombea njia kwa kelele za adabu, "Ndia! Ndia! Mzigo wa serikali!"

Msikitini khutba ilikuwa juu ya ushahidi wa uongo. Wabeba sanduku waliisikia yote, maana walikuwa wakienda polepole.

Langoni mwa skuli watoto walipangwa waimbe. Bi Mardhiya alisimama nyuma yao. Mkurugenzi, aliyetaka kuonyesha kwamba kitabu anakijua, alimwelekezea Razan kidole. "Wewe! Punda ana miguu mingapi?"

Razan akatazama njiani. Akakitazama kile kilichokuwa kikija chini ya sanduku, akahesabu bila haraka: miguu miwili mbele, miwili nyuma, na bakora.

"Wa Mungu, minne," akasema. "Huyu wa kitabu, mitano."

Skuli nzima ikaangua kicheko. Mkurugenzi akafungua ukurasa wa majibu. "Mitano ni sawa! Mratibu, mtoto huyu amepata au hakupata?"

Chini ya sanduku Bwana Badawi alitafakari. Akikana kuwa yeye ndiye punda, kitabu kimekosea, na saini ni yake.

"Amepata," ikasema sauti chini ya sanduku.

"Sema kwa nguvu, Bwana," akasema Bi Mardhiya. "Wa Dawud nao wasikie."