Peptidi na Kiti cha Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ni mtu wa bahati, hilo liandikwe mapema. Katika jim nzima, penye wanaume wenye vifua kama makabati, mwalimu wa mazoezi kanichagua mimi, kinyozi, niwe wa kwanza kutumia peptidi zake. Wa kwanza! Kanitazama tu, akasema uso na bega kama vyangu ndivyo alivyokuwa akivitafuta.

Peptidi ni vipande vidogo vya protini. Vinapita mwilini vikitoa amri: hapa pajengwe, pale pakazwe. Kama wasimamizi wa ujenzi. Sayansi niliikimbia shuleni, lakini hili limeniingia mara moja.

Nimepata vichupa viwili. Kimoja kina maji ya kupaka usoni, ujana urudi. Cha pili kina unga wa kuchanganya na kuchoma sindano, kwa ajili ya bega.

Bega ndilo balaa. Tangu nilipobeba friji ya saluni peke yangu (watu walikuwa wanaangalia), mkono wa kulia haupandi kupita kidevu. Dada yangu, mwenye saluni, kaliona. Leo kasema mbele ya wateja: Jumamosi anakuja bwana harusi. Nikiweza kumnyoa, nabaki kwenye kiti cha mbele, kile cha dirishani. Nikishindwa, kiti kinakuwa cha Nyororo, mimi nahamia kwenye sinki kuosha vichwa. Kiti nilichonyolea tangu saluni ilipokuwa kibanda cha mabati!

Nyororo ni kinyozi mwenzangu. Uso wake haujawahi kuona chunusi. Kaniuliza kama mzee anataka kiti cha kunyolea au cha kusinzilia. Nikacheka. Kwa ndani nilikuwa natukana.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ni muuguzi. Nimemkabidhi unga na sindano, nikakunja shati, nikageuza uso kishujaa. Kugeuka, kavaa miwani anasoma lebo.

Akauliza imetengenezwa wapi. Sijui. Daktari gani kaiandika. Mwalimu wa mazoezi. Akauliza, yule anayeuza na viatu? Nikamwambia viatu ni vya wikendi tu. Akasema, baba watoto, kitu chenye lebo iliyobandikwa upande mimi simdungi hata jogoo. Kichupa kikaenda naye kazini kuteketezwa.

Badala yake kanipa ukuta. Nisimame mbele yake, vidole vipande polepole kama buibui mpaka panapouma, nishuke, nirudie. Asubuhi, mchana na jioni. Nafanya kwa ajili ya amani ya nyumba. Sijawahi kusikia mtu katibiwa na ukuta.

Maji ya usoni hakuyaona. Yalikuwa ndani ya soksi.

Tatizo, yanatakiwa kukaa kwenye ubaridi. Friji ya nyumbani haiwezekani. Ya saluni Nyororo anaifungua kila saa kama anatafuta ndugu yake aliyepotea humo. Nikapata akili! Nimeyamimina kwenye chupa tupu ya saluni, ya kifuniko cheupe, nikaisukuma nyuma ya maziwa ya chai. Nani ataishuku chupa ya saluni ndani ya saluni?

Jumatano, 5 Machi

Nimepaka. Hakuna kitu. Nimepaka tena. Uso umeloa tu, kama wa mtu aliyetoka msibani. Nyororo kanipa pole.

Lakini vidole leo vimefika kwenye msumari wa kalenda, usawa wa macho! Nimeelewa. Peptidi zinashuka kutoka usoni kwenda begani. Mwalimu aliniambia zinasafiri.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kuosha chupa zote na kuzijaza upya. Utaratibu niliubuni mimi, na dada alinisifu kwa sauti. Kifuniko chekundu, mafuta. Cha buluu, spiriti. Cheupe, jeli ya nywele. Husomi, huulizi, hunusi. Unaona rangi, unamwaga masalia kwenye dumu lake, unaosha, unajaza.

Zamu ilikuwa ya Nyororo. Akaanza kunung'unika kwamba chupa ni nyingi. Nikamwambia asiruke hata moja, popote ilipo. Kazi ni kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Peptidi zimekomaa! Juzi zilikuwa maji, leo zimekuwa nzito na zina harufu nzuri. Nadhani ni ubaridi. Nimepaka, nimesubiri kidogo, uso wote umekaza. Mikunjo ya machoni imekwenda. Nikitabasamu mashavu yanalia kama mlango. Nimejaribu kushangaa mbele ya kioo, nikashindwa.

Mteja wangu wa zamani kaniuliza nimekasirishwa na nani. Nikamjibu, kwa mdomo usiofunguka vizuri, kwamba hapa ninacheka. Mke wangu kasema nang'aa kama sakafu ya wodi. Sifa hiyo!

Vidole vimegusa juu ya fremu ya mlango. Wateja wawili wamelalamika jeli ya dumu ni nyepesi, nywele hazilali. Mambo ya dada hayo, mimi akili yangu iko kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepaka tabaka nne. Siku kubwa haiendewi na tabaka moja.

Bwana harusi kaja, koti lake jeusi mkononi mwa mpambe. Kakaa kiti cha mbele. Nikainua mkono. Ukapanda! Kidevu ukakipita, sikio, utosi. Nilitaka kulia ila uso haukuruhusu. Dada akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nyororo kule nyuma akanywea kabisa.

Nikamaliza kichwa. Ikabaki ndevu. Nikakamua taulo la moto, mvuke ukanipiga usoni.

Kwanza kilidondoka kipande kimoja cheupe, kidogo, begani kwake. Nikakipuliza. Kupuliza kukapasua shavu zima. Vikafuata vipande kwa vipande, vikubwa, vikitua juu ya kichwa nilichotoka kukinyoa. Bwana harusi akaniona kwenye kioo. Akaruka na shuka la kunyolea shingoni, akipiga kelele kwamba huyu baba anababuka, na yeye anaoa leo, ataambiwa nini ukweni! Akakimbilia kwa Nyororo.

Na mashine ya Nyororo ikazima pale pale. Nikampa yangu, ile nzuri ambayo hata mwanangu haigusi. Ugomvi wetu mkubwa, lakini harusi ya watu haina kosa. Nikamshikia na kioo cha nyuma, nimegeuza uso pembeni nisizidi kumwaga. Kanyoa vizuri. Nasema kweli, vizuri.

Wageni walipoondoka dada akanikwangua shavu kwa ukucha, akanusa, akaenda moja kwa moja kwenye friji. Akatoka na chupa. Akauliza ni nani anaweka jeli na maziwa. Nyororo akasema kwa adabu zote kwamba Alhamisi aliikuta kule nyuma ina majimaji, akayamwaga kwenye dumu, akajaza jeli kama alivyoagizwa. Kifuniko cheupe. Hakuruka hata moja.

Kwa hiyo peptidi zangu ziko vichwani mwa watu tangu Alhamisi.

Kiti cha mbele ni cha Nyororo. Mimi sinki.

Jumapili, 9 Machi

Nyororo kaja nyumbani kunirudishia mashine, kaisafisha mpaka meno. Kaniita kaka, si mzee. Nikamkaribisha, nikamuuliza kiungwana anapaka nini usoni. Akasema maji. Mchoyo!

Mke wangu kanipandisha mkono juu, kaushusha, kasema ukuta umefanya kazi yake, nisiache. Simbishii mtu aliyesomea. Lakini tujiulize. Peptidi zilinigusa siku moja tu, Jumatano, na mkono ukapanda mpaka utosini. Zingekaa wiki nzima? Kiti kingekuwa changu na pengine saluni yote.

Kosa lilikuwa rangi ya kifuniko. Kesho narudi kwa mwalimu kuchukua kichupa kingine. Safari hii nakificha kwenye chupa ya buluu. Spiriti nani ataigusa?

Na ile bahati ya Jumatatu, kwamba nilichaguliwa katika jim nzima. Uongo. Nilimfukuzia mwalimu mpaka kwenye gari lake nikigonga kioo, na kwenye foleni nilikuwa peke yangu.