Tisini na Nane ya Kuogelea

Mwanangu amepata tisini na nane ya kuogelea, na ameipata bila kulowa hata ukosi wa shati.

Sasa ndiyo nakuamkia, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Mabaharia. Shikamoo, na poleni na kazi. Mimi ni Felicitas Dumalagan, mama yake Jerwin wa mwaka wa tatu, yule mrefu mwenye nywele za kusimama. Sikuvuka darasa la sita, lakini barua yako ya juzi nimeisoma mara nne, na kila mara imenikosea adabu. Unasema waliosoma kuogelea kwa simu wakati wa karantini warudie mtihani majini, la sivyo hawapandi meli. Nina malalamiko, na nimeyapa namba ili yasikimbie.

1. Jerwin kuogelea anajua. Kajifunzia jikoni kwetu, kalala kifudifudi juu ya benchi, mimi nimeshika simu mkono huu na mwiko mkono huu. Mwalimu Tupas alisema kwa kinywa chake, "Safi, Jerwin, mateke hayohayo." Akapiga mateke mpaka benchi likahama kutoka mezani hadi mlangoni, na wali ukaungua. Mheshimiwa, mtu aliyesogeza mbao ngumu juu ya saruji, maji yenyewe laini yatamshinda nini?

2. Mahudhurio yake hayana doa. Wiki sita za mavuno, Jerwin akiwa shambani na baba yake, nilikuwa naitika mimi, "Nipo, mwalimu," kwa sauti nzito, kamera nimeizima kuokoa bando. Mwalimu akaandika kwamba siku hizi Jerwin ametulia na anauliza maswali mazuri. Maswali yalikuwa yangu. Na yeye mwalimu siku moja alisahau kuzima kipaza sauti, darasa zima tukamsikia mkewe: "Wewe, anua nguo, mvua hiyo." Akaenda kuanua. Tukamsubiri nusu saa. Sijasikia kwamba na yeye anarudia somo.

3. Bango nimekwisha litundika. Turubai la mita nne, pale njia panda, Jerwin kavaa kofia ya nahodha, na chini yake 98 kubwa kuliko kichwa chake. Bango la binti wa diwani, yule aliyefaulu mtihani wa uuguzi, halifiki hata nusu yake. Jirani yangu Nang Pacing, ambaye wanawe hawajatundikwa popote, kila akipita anasimama. "Felicitas, huyo bingwa wa nchi kavu ataogelea lini?" Nikamwambia, "Ataogelea siku meli ikizama, na wanamwajiri ili isizame." Akaenda zake anacheka. Barua yako ikijulikana, nitapita wapi?

4. Kama ni kurudia, basi turudie wote. Jumapili ya Matawi padri alibariki matawi yetu kwa simu, tukayainua mbele ya kioo. Aje abariki upya. Nyinyi wenyewe mliwahitimisha watu kwa video, kofia zikarushwa sebuleni, moja ikaingia kwenye feni; warudisheni watu hao kutoka makazini mwao, baadhi ni manahodha wasaidizi. Mbona hapo simu ilitosha? Ada tuliyowaletea haikuwa picha ya ada.

Kwa hiyo naomba kwa heshima alama ya mwanangu ibaki ilivyo. Ikiwa sheria inataka maji lazima, bwawa lijazwe mpaka kwenye vifundo vya miguu, maana hicho ndicho kina cha somo mlilomfundisha.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini aliyenipa kiti, na mke wa Mwalimu Tupas, ambaye namwona kama dada.

Wako mwenye kukuheshimu pamoja na uchungu wote,
Felicitas Dumalagan

N.B. Jerwin ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Nilidhani atacheka. Akaikunja, akasema, "Mama, mwezi wa nane napanda meli. Mimi maji yakinifika kifuani nashika chochote kilicho karibu. Usiitume." Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu siku zote, ila wewe ulikuwa unafurahi sana."

Basi, Mheshimiwa, futa namba moja mpaka nne. Bango nimelishusha leo mchana, Nang Pacing kanisaidia kushika ngazi. Ninachoomba sasa ni Mwalimu Tupas mwenyewe, mzima, si wa kwenye kioo, aje mtoni kwetu chini ya daraja, mahali maji yanapotulia, amshike mwanangu kidevu mpaka ajue. Baba yake atakaa ukingoni na kamba. Nguruwe tutachinja siku hiyohiyo, awe ameelea au amezama kidogo. Kijiji chote nimekiambia, na wewe pia usikose: Jumamosi tarehe kumi na tisa, saa kumi na mbili asubuhi.