Lehemu Nene kwa Redio ya Baba Mkwe

3 Machi, Jumatatu

Baba mkwe kahamia kwetu kwa wiki mbili. Kafanyiwa upasuaji wa macho, yamefungwa bandeji, hawezi kusoma wala kutazama runinga. Kaja na begi moja, kifaa chake cha sikioni cha kumsaidia kusikia, kinachopiga filimbi kila akikivaa, na redio ya marehemu mama mkwe. Redio haitoki mapajani mwake. Leo asubuhi ikanyamaza. Nimefungua mfuniko, nikaona mwenyewe: waya mmoja wa spika umeachia kwenye bodi.

Fainali ya kombe ni Jumamosi ya tarehe 15. Mzee kasema hana kingine anachokingoja. Nikamwambia aniachie mimi, nikitoka ofisini kazi yangu ni hivi vitu vidogo vya umeme. Akamgeukia mke wangu, akamuuliza kama huyu bwana ataweza kweli.

Huyu bwana. Miaka kumi na minne ya ndoa, bado mimi ni huyu bwana! Mwanyumba wangu, yaani yule fundi bomba aliyemuoa mdogo wake mke wangu, anaitwa "mwanangu" tangu wiki ya kwanza. Kisa? Alizibua sinki.

Redio italia, na mimi nitaitwa mwanangu kabla ya fainali. Nimeandika, nimepiga na mstari chini yake.

4 Machi, Jumanne

Duka la vipuri. Muuzaji ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nikaomba waya wa lehemu. Akauliza ni wa kazi gani. Nikasema kazi ya heshima. Akasema heshima ni sawa, lakini ni ya kitu gani. Ikabidi nitaje redio.

Basi akanipa somo, wateja wamejipanga nyuma yangu. Kwa redio chukua waya mwembamba, usiozidi milimita moja. Bati asilimia sitini, risasi arobaini, huyeyuka upesi na huganda upesi. Ndani yake uwe na utomvu wa mti, ndio unaosafisha kiungo wakati unalehemu. Upo pia usio na risasi, ila huo unataka moto mkali na mkono uliozoea. Akautazama mkono wangu. Akamalizia kwamba nifungue dirisha, ninawe mikono, na nisithubutu kutumia lehemu ya mabomba, maana dawa yake ina asidi na itaila bodi.

Huo waya wenyewe akauweka juu ya kaunta. Uzi wa kushonea vifungo! Redio ya marehemu niishone kwa uzi? Nikamwambia nitarudi. Sirudi.

6 Machi, Alhamisi

Bahati imenifuata nyumbani. Mwanyumba kaja kutengeneza bomba la jikoni, lile nililolitengeneza mimi mwezi Januari. Ndani ya sanduku lake la kazi nimeona waya wa lehemu wa maana. Mnene, mzito, unang'aa. Pembeni yake kopo la dawa ya kupaka kabla ya kulehemu.

Nikamwomba kipande. Alipojua ni cha redio akacheka, akasema huo ni wa mabomba, utaiua redio ya watu, nisubiri kesho ataniletea mwembamba. Nimemwelewa vizuri sana. Kijicho. Anajua redio ikilia, umwanangu wake utapata mshirika.

Nikamwambia mke wangu amkaribishe chai sebuleni. Alipofika kikombe cha pili nilikuwa nimeshakata waya urefu wa mkono, na dawa nimeichota kwa kifuniko cha mafuta ya kujipaka. Si wizi, ni vitu vya ndani ya familia. Kifuniko nikakitia mfukoni.

7 Machi, Ijumaa

Nimelehemu! Waya mnene unataka uvumilivu, nilikandamiza pasi ya kulehemu mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Likatoka donge la ukubwa wa harage. Hilo haling'oki mpaka wajukuu. Nilipoona limenipendeza, nikaongeza madonge kumi na moja kwenye viungo vingine, ambavyo havikuwa na tatizo lolote ila vilionekana vinyonge. Dawa nilipaka bila uchoyo.

Saa kumi na mbili jioni redio ikasema. Mzee akainama, akasikiliza, akanyoosha mkono kwenye giza la bandeji zake mpaka akanishika bega. Akasema, "Ahsante, mwanangu."

Nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia kidogo. Sioni aibu kuandika.

Mfuko wa suruali umetoboka, pale palipokaa kifuniko. Vitambaa vya siku hizi havina ubora.

10 Machi, Jumatatu

Redio inakwaruza. Mvua imenyesha tangu jana, nyumba nzima ina unyevunyevu. Mzee kauliza kwa nini mtangazaji anakaanga vitunguu. Nikamwambia hali ya hewa. Mke wangu kauliza mbona redio ya jirani haikaangi chochote. Mtu asiyejua umeme huwezi kumweleza kitu.

Mwanangu nimeitwa mara nne leo. Nahesabu.

12 Machi, Jumatano

Nimefungua mfuniko. Madonge yote kumi na mawili yameota kitu cha kijani, kama ukungu wa mkate. Nikafikiri kwa makini. Jibu ni moja tu: dawa ilikuwa kidogo. Nikaongeza iliyobaki yote, nikapitisha na pasi.

Redio imekufa kabisa. Hata kukwaruza imeacha.

Nikamwambia mzee kituo kimefungwa kwa matengenezo. Akazungusha kitufe kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, akauliza, "Vyote?" Nikasema vyote. Amekaa na redio bubu mapajani mpaka saa ya kula, anaipapasa ule ubavu uliochubuka, pale marehemu alipokuwa akiishika. Sikuweza kumaliza chakula. Nimekereka mwenyewe kwa mwenyewe, na sijui nimtupie nani lawama. Nimemtupia aliyeniuzia pasi.

13 Machi, Alhamisi

Mwanyumba kapita kumjulia hali mzee. Akaichukua redio, akafungua mfuniko, akanusa. Mtu ananusa redio! Akanitazama. Akaitambua dawa yake kwa harufu.

Nikasubiri aniumbue. Hakuniumbua. Akamwambia mzee kwamba kuna kijiwaya tu, anaipeleka kwa mtaalamu, kesho itarudi. Kisha koridoni akaninong'oneza kwamba ningesubiri siku moja tu. Mtu anakusitiri halafu anakusema. Ndiyo tabia yake.

14 Machi, Ijumaa

Nimemfuata mwanyumba na redio mpaka duka la vipuri, nikasimama nyuma ya rafu ya betri. Yule mama wa miwani aliyaondoa madonge yangu moja moja, akaiosha bodi kwa spiriti na mswaki, nyaya mbili zilizoliwa akazibadilisha. Kisha akaunga kwa ule uzi wake wa vifungo. Kila kiungo tone dogo, linang'aa, limekwisha. Nusu saa. Alisema ingekaa hivyo wiki moja zaidi, hata yeye asingeiokoa.

Akauliza aliyefanya unyama huu ni nani. Mwanyumba akajibu kuna fundi mmoja, alishahama mji. Nimeumia. Madonge kumi na mawili kwa mkono wangu mwenyewe, halafu mtu ananinyima hata jina!

15 Machi, Jumamosi

Fainali. Redio safi, sauti kama mtangazaji yupo kabatini. Timu ya mzee imeshinda kwa penalti. Bandeji zimelowa machozi, mke wangu anamkemea kwamba daktari alikataza kulia. Mzee akasema marehemu angefurahi. Akamshika mkono mwanyumba, akamwambia, "Mwanangu, wewe."

Kisha akaniita na mimi. Kasema, "Na wewe, redio hii usiiguse tena." Inaelekea yale ya koridoni juzi aliyasikia pia. Ameagiza ikimaliza kusikilizwa iwekwe juu ya kabati, nisipofika.

Nimetafakari. Wewe. Kutoka huyu bwana mpaka wewe ni hatua kubwa, kwa sababu huyu bwana husemwa, lakini wewe huambiwa. Tunakaribiana.

16 Machi, Jumapili

Tathmini ya kitaalamu. Wazo langu halikuwa na kasoro. Kilichoharibu ni mvua, pasi, na redio yenyewe, maana ni kubwa mno kwa kuanzia. Ningeanza na kitu kidogo.

Mzee amelala baada ya chakula cha mchana. Kifaa chake cha sikioni kakiacha mezani, bado kinapiga filimbi. Ndani kuna kijibodi cha ukubwa wa kucha. Waya mnene umebaki wa kiganja kimoja, na dawa kidogo imeganda kwenye mshono wa mfuko. Akiamka asikie vizuri, atajua mwenyewe aniite nani.

Na asije mtu akasema sifuati ushauri. Mikono nimenawa. Dirisha nimefungua. Pasi imeshapata moto.