Ubongo wa Baukje Umetundikwa Ukutani

Jumatatu, 9 Mei

Baukje ametundika ubongo wake ukutani. Sitanii. Kati ya picha ya harusi na saa, tena kwenye fremu.

Alituita mtaa mzima kwenye kahawa tukautazame. Ukiniuliza mimi, ni koliflawa iliyokatwa katikati, na si ya leo. Lakini wenzangu walisimama pale wameinamisha vichwa kama wako kanisani. Baukje akaanza kueleza. Chuo kikuu kinatafuta wazee wa hapa Friesland waliokua na lugha mbili, Kifrisia cha nyumbani na Kiholanzi cha shuleni, wajue kichwa kinazipanga vipi na uzee unazifanyaje. Walimlaza ndani ya bomba kubwa linalogonga kama fundi wa mabati, wakampiga picha huku yeye anataja majina ya vitu. Binti wa chuo, anaitwa Marrit, akamwambia ubongo wake haujasinyaa. Ukiuona utadhani wa mwanamke wa miaka sitini.

Ana sabini na tisa. Mimi nina sabini na nane na hakuna aliyewahi kuniuliza wangu ukiuona utadhani wa nani.

Biskuti moja kila mtu, kopo likafunikwa. Hilo ningelimeza. Ambalo halimezeki ni la Wiebren.

Wiebren ni mwenyekiti wa mchezo wetu wa kuigiza wa kiangazi, ule tunaoucheza kila mwaka uwanjani nyuma ya kanisa. Akautazama ule ubongo, akajikuna kidevu, akasema mbele ya watu wote kwamba mwaka huu pengine tumjaribu Baukje kwenye kibanda.

Kibanda changu! Kile kishimo mbele ya jukwaa, anamokaa mtu wa kumnong'oneza mchezaji aliyesahau maneno. Nimekikalia tangu mama mkwe wangu alipokufa akaniachia mto wake wa kukalia. Mkulima gani wa kijiji hiki sijamtia neno mdomoni? Na lile buku la maneno nalishika kwa heshima tu, silisomi. Nikisikiliza mazoezi, yote yanaingia kichwani yanakaa. Kusoma ni kwa wasiokumbuka.

Nikamuuliza Wiebren kosa langu. Akashusha sauti kama anaongea na mgonjwa. "Bibi Hiltje, mwaka jana ulinyamaza."

Mwaka jana nilimeza nzi. Mchungaji wa kwenye mchezo anamlilia mkewe aliyepotea, jina la mke limemtoka, ananitazama, na mimi nina nzi kooni. Jina litapitia wapi? Bata wakamjibu kutoka mferejini, watu wakacheka hadi kushika mbavu. Nzi. Nimeshaeleza, sielezi tena.

Jumanne, 10 Mei

Sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia Marrit nikamwambia ameacha ubongo bora kijijini akachukua wa jirani.

Binti ana adabu, nasema ukweli. Akaniuliza lugha zangu. Akaniuliza nilisoma miaka mingapi. Nikamwambia sijaacha. (Nilitolewa shule nina kumi na mitatu nikakamue ng'ombe, lakini hilo si la kwenye simu.) Akaniuliza kama nina chuma chochote mwilini. Nikasema ni nyonga tu. Akasikitika, akasema basi bomba haliwezekani, lina sumaku kali. Nikamwambia nyonga iko huku chini na kichwa kiko kule juu, wapitishe kichwa peke yake. Akacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Hata hivyo atakuja Alhamisi ukumbini kunipima maneno bila bomba. Vizuri. Nitamshinda Baukje kwa maneno, Marrit amwambie Wiebren, na kibanda kitabaki kwa mwenyewe.

Alhamisi, 12 Mei

Nimeonewa.

Jaribio la kwanza: taja wanyama wengi uwezavyo ndani ya dakika moja. Nani wa kunishinda hapo? Nikaanza zizini, mlangoni kwenda ndani. Dieuwke wa Kwanza, Dieuwke wa Pili, Dieuwke wa Tatu aliyepata utepe kwenye maonyesho ya Leeuwarden, Sjuk, Blom, binti yake Blom, yule wa chuchu tatu Antsje. Bado niko safu ya kwanza dakika ikaisha. Nikaegemea kiti nikiwa nimeridhika.

Marrit akaniambia kwa upole kwamba hao wote wanahesabiwa ng'ombe. Mnyama mmoja.

Nikamwambia mwanangu, wewe hujakamua. Dieuwke na Antsje kuwa mnyama mmoja! Angemwambia hivyo marehemu mume wangu Douwe, asingepewa hata maji.

Jaribio la pili: picha. Unaona, unataja. Kiti, nanga, ngazi, sawa. Ikaja ile ya kuchotea supu. Naijua! Yangu inaning'inia kando ya jiko, niliinunua mnadani Sneek, mpini umepinda tangu siku nilipompiga nayo bata mzinga. Nikamweleza yote hayo. Nikamwonyesha kwa mkono inavyochota. Jina likakaa nyuma ya meno likanitazama. Halitoki.

Nikadhani ndiyo basi, nimekwisha. Marrit akaniwekea mkono begani, akaniambia huu si ugonjwa. Akasema kichwani kitu kinakaa chumba kimoja na sauti ya jina lake chumba kingine, na katikati pana kijia. Uzee hauli vyumba, unaotesha nyasi kwenye kijia. Tena chumba cha maana kwa mzee kimejaa kuliko cha kijana. Majina ya watu ndiyo yanayotaabika zaidi, kwa sababu neno la kawaida limefungwa kwa kamba nyingi, jina la mtu linaning'inia kwenye msumari mmoja. Na ukitafuta neno, majirani zake wanainuka wote wanajazana mlangoni, lenyewe linakosa pa kupitia.

Nikamuuliza Baukje alipata ngapi. Akasema ni siri. Nikamuuliza kama alisita popote. Siri. Nikamwambia anikunjie uso tu kama ni zaidi yangu. Hakukunja chochote. Wamewafundisha vizuri hawa.

Narudi nyumbani kwa baiskeli kando ya mfereji, sifikirii kitu. UPAWA! Korongo aliruka kwa hofu. Nikampigia Marrit hapo hapo aliongeze. Akasema muda umepita.

Jumamosi, 14 Mei

Kama hawanipi picha, ninayo yangu. Ile ya eksirei niliyopewa nilipowekwa nyonga. Nimeibandika dirishani, jua linapita, inang'aa kuliko koliflawa yoyote. Nikaualika mtaa. Biskuti mbili kila mtu! Tena zenye siagi. Waseme tena.

Walikuja. Walikula. Jirani wa ng'ambo akauliza lugha iko sehemu gani. Nikasema kule ndani zaidi. Akauliza huu mpira mweupe ni nini. Nikasema hapo ndipo Kifrisia. Wiebren akavaa miwani, akatazama sana, akaniuliza kwa nini ubongo wangu una parafujo.

Baukje hakucheka. Aliinywa kahawa yake kidogo kidogo, akasema picha imetoka safi. Huyo ndivyo alivyo. Mtu akikucheka unamrudishia. Asiyekucheka utamfanya nini? Halafu akachukua biskuti ya tatu. Niliiona.

Jumatano, 18 Mei

Leo ni siku ya kuzaliwa ya Tetske, mke wa Wiebren. Nimeipangia tangu Jumapili.

Kwetu huingii kwenye sherehe ukakaa tu. Viti vimepangwa duara, unazunguka, unamshika mkono kila mtu na kumpongeza kwa jina lake. Hongera Sipke, shemeji yako ametimiza miaka, hongera Ymkje, dada yako ametimiza miaka, mpaka mwisho. Ukikosa jina moja duara zima linajua. Na Baukje huzunguka kama treni, hasimami kituo.

Nikakumbuka maneno ya Marrit. Majirani wa neno wanajazana mlangoni. Basi nitamjazia Baukje mlango! Nikawahi, nikakaa kiti cha pembeni ya mlango, na kila aliyeingia nikamwita jina la karibu na lake lakini si lake. Sipke nikamwita Sietse. Ymkje nikamwita Imke. Wajomba niliwabadilisha wote. Watu wakatazamana. Ymkje akamwambia mumewe, nami nasikia, kwamba mama wa watu anaanza kupotea. Niliuma meno. Vita vina gharama.

Baukje akaingia. Akanisikiliza ninavyomwaga majina ya uongo, akatabasamu, akazunguka. Hakukosa hata moja. Hata kitoto cha mkononi alikitaja na jina la babu yake.

Ikafika zamu yangu.

Nilivyojaza ule mlango sikujua ni wangu. Sietse, Sipke, Imke, Ymkje, wote wamesimama kizingitini wanasukumana. Kwa shida nikavuka viti vitano sita. Nikafika kwa mwenye sherehe mwenyewe, ameshanyoosha mkono, ana keki mapajani. Mwanamke niliyemjua tangu anavaa nepi. Ninajua alivunjika mkono upi, ninajua alimpenda nani kabla ya Wiebren. Jina hakuna. Na kwenye lile giza likaja jina moja safi, limepambwa utepe, nikalishika kwa mikono miwili.

"Hongera sana, Dieuwke wa Tatu."

Tetske akaitazama keki yake.

Ndipo nikasikia nyuma ya sikio langu, kidogo tu, mdomo haukufunguka: "Tetske." Baukje. Alinisogelea akajifanya anaokota kitambaa. Nikasema Tetske, Tetske mwanangu, nilikuwa natania. Watu wakapumua.

Kuninong'oneza mimi! Mimi!

Na Wiebren ameona. Mlangoni ninapovaa koti akaniambia bila kunitazama kwamba Jumamosi mazoezi ya kwanza, kibandani atakaa Baukje. Akaniambia na mimi nakaribishwa, benchi la mbele.

Nimeuweka mto wa mama mkwe chumba cha juu, nikaushusha, nikaupandisha tena.

Jumamosi, 21 Mei

Nilikwenda. Nisiende kwa nini, uwanja si wake.

Baukje kibandani, miwani puani, buku mapajani, kidole kwenye mstari. Nikakaa benchini nikaomba mvua. Haikunyesha.

Ukurasa wa kwanza Sipke akakwama. Baukje akampa neno. Sipke hakusikia. Akampa tena. Sipke akaweka mkono sikioni. Nikaelewa, na moyo wangu ukacheza. Huyu mwanamke ameendesha gari la maktaba maisha yake yote, kazi yake kuwaambia watu wanyamaze. Hana sauti ya kutupa! Neno linatoka mdomoni linaangukia kwenye sketi.

Sipke akanitazama mimi. Mazoea. Nikalitupa kutoka benchini, likampiga kifuani, akaendelea. Akakwama Ymkje, nikatupa. Wiebren akapaza sauti tusichanganye. Nikamwambia sichanganyi, nalisha.

Ukurasa wa tatu baba mwenye shamba anamwita binti yake asivuke barafu. Akasahau jina la binti. Akanigeukia. Sentensi yote ninayo, gauni la binti ninalijua, najua na atakapozama. Jina... Nilikuwa nalo, limechelewa njiani tu. Bata nao wameanza kujikohoza mferejini, mashetani wale.

Nilivyofika kibandani sijui. Miguu ilinipeleka na nyonga yake. Nikajisogeza karibu na Baukje, akanisukumia buku, nikamwambia sina miwani. Hakuuliza kitu. Akasoma kwa kile kisauti chake, "Riemke," nami nikalitupa, RIEMKE, hadi kengele ya kanisa ikaitikia. Baba akalia vizuri sana.

Tukamaliza mchezo hivyo, tumebanana kama viatu ndani ya boksi. Yeye anatafuta, mimi narusha. Wiebren akashuka akasema basi, viti viwili. Baukje akaniambia, "Mwenzangu, nilikuwa natetemeka humu peke yangu." Nikamwambia hata mimi ningetetemeka kwa kisauti kile.

Lakini nilimsaidia kutoka shimoni.

Jumatatu, 23 Mei

Marrit amekuja kuniaga. Nimempa kahawa na biskuti nikamsimulia viti viwili, nikidhani atanihurumia. Akafurahi mno. Akasema ndivyo kichwa cha mzee kinavyofanya. Ujanani upande mmoja wa ubongo unafanya kazi ya maneno karibu peke yake. Uzeeni upande wa pili unaitwa kusaidia, na wazee wengi wanaofanya vizuri ni wale ambao pande zao zinasaidiana. Si aibu, akasema, ndiyo namna ya kazi kuendelea.

Nikamfikiria Baukje anavyotetemeka na kidole chake kwenye mstari. Nilikaribia kulia, nasema ukweli. Nikaona nitampelekea kopo zima la biskuti.

Halafu nikauliza, kwa kujua tu, kati ya hizo pande mbili mkubwa wa maneno ni upi. Marrit akasema kwa watu wengi ni wa kushoto.

Kushoto.

Baukje anakaa kushoto! Alikaa mwenyewe, wa kwanza, hakuna aliyemwonyesha. Alilijua hilo tangu alipokuwa ndani ya bomba, akaniachia kulia na kutabasamu. Mjanja yule. Kopo limerudi kabatini.

Kesho mazoezi ni saa moja jioni. Mimi saa kumi nitakuwa kibandani, nimekaa kushoto, na buku nimelikalia.